Muheza Mwaka 2065, Bila Hodi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefika mwaka 2065 nikiwa na kanga moja kifuani na ndara za msalani miguuni, na aliyekuja kunipokea alikuwa sahani ya ugali.

Kabla sijaenda mbali, niseme nilichokifanya mchana wake, mtu asije akasingizia maharage. Shule yetu ya msingi hapa Muheza inatimiza miaka sitini, na Mwalimu Mkuu Semkiwa anatengeneza kijitabu cha sherehe. Akaniita ofisini, akaniambia niandike ukurasa mmoja kuhusu maisha ya kila siku miaka arobaini ijayo. Nikamwambia mimi nafundisha historia, kazi yangu ni yaliyopita. Akasema, "Ni yaleyale, Mwalimu Mwantumu, unageuza tu upande. Nautaka Jumatatu." Huyu ni mtu ambaye hajui hata ufunguo wa kabati lake uko wapi.

Nikaandika sentensi kumi bila shida yoyote. Chakula kitakuja chenyewe mezani, nguo zitajifua, watoto watazaliwa wakijua hesabu, na mengine ya namna hiyo. Kutabiri ni kazi nyepesi sana, maana hakuna wa kukusahihisha.

Sentensi ya kumi na moja ndiyo iliyonitia matatani. Mimi na jirani yangu, Mama Sikudhani, tumetenganishwa na ukuta mmoja wa matofali kwa miaka kumi na tisa. Ni mjane, anauza vitumbua asubuhi, na hajawahi kupitisha siku mbili bila kuja kwangu kuazima kitu. Pasi, ungo, ndoo. Siku moja aliazima miwani yangu ya kusomea aende nayo kliniki, ili manesi wasimfanyie mchezo. Hodi yake anaipiga akiwa ameshaingia. Anasema anakaa dakika moja, anakaa mpaka chai inapashwa moto mara mbili.

Jana alasiri akaja kuazima kibao cha mbuzi akunie nazi. Mimi nilikuwa na sentensi zangu kichwani, sikutaka mazungumzo. Nikamwambia kimevunjika. Akasema, "Haya, mwalimu," akaondoka. Nusu saa baadaye nikawa nimeshasahau nilichosema. Nikakaa juu ya kibao changu, kizima kabisa, nikaanza kukuna nazi, kwaru, kwaru, kwaru, na ule ukuta wetu ni mwembamba. Nilipofika katikati ya kifuu nikakumbuka nilichomwambia. Upande wa pili palikuwa kimya, ukimya wa mtu anayesikiliza.

Niliona aibu, na aibu yangu mimi hutoka na sura ya hasira. Nikarudi mezani nikaandika: "Mwaka 2065 kila nyumba itakuwa na kila kitu, na jirani hatamwomba tena jirani kitu chochote." Nikalala nimenuna.

Sasa niko mwaka 2065 na ugali umesimama mbele yangu.

"Kaa kitako," unaniambia. "Nimetoka Handeni kwa miguu."

Natazama. Kweli una miguu miwili, myembamba, imejaa vumbi mpaka magotini. Nyuma yake bakuli la mlenda linakuja polepole, linachechemea.

"Nani kakutuma utembee?" nauliza.

"Wewe. Sentensi ya kwanza, chakula kitakuja chenyewe mezani. Hukutaja usafiri."

Nakaa, nanawa, nakula. Una mchanga. Nauliza mchanga umetoka wapi, ugali unasema nijaribu mimi kutembea kutoka Handeni tuone nitafika na nini. Nilipomaliza ikabaki ile miguu miwili tu juu ya sahani. Ikasimama, ikajipangusa, ikaondoka kurudi ilikotoka bila kuaga.

Meza haipo tena. Niko kwenye uchochoro nyuma ya soko la machungwa, na mbele yangu kuna bomba la maji limezungukwa na nguo.

"Pita umeinamisha kichwa," linasema shati moja jeupe, limejificha nyuma ya ndoo. "Tunajifua hapa."

Naomba radhi, napita upande. Suruali ya mtu mzima inajisugua magoti kwa jiwe. Soksi moja inazunguka ikiulizia mwenzake, na kila anayeulizwa anatikisa ukosi. Kanga yangu ikasikia mlio wa maji, ikaanza kunivuta kuelekea bombani. Nikaishika kwa mikono miwili.

"Mara ya mwisho lini?" kanga ikaniuliza.

"Tutazungumza nyumbani," nikaiambia.

Mwanamke mmoja anapita amebeba mtoto mgongoni, kachanga ka miezi mitatu hivi. Kale katoto kananitazama toka juu mpaka chini.

"Themanini na saba," kanasema.

"Nini hiyo?"

"Umri wako. Arobaini na saba jumlisha arobaini."

Natazama mikono yangu. Ngozi imekunjana kama karatasi ya kufungia vitumbua. Nilikuwa nimezeeka kwa miaka arobaini bila hata kuambiwa pole.

"Nisamehe, bibi," mama yake ananiambia. "Hakanyamazi. Jana kamemhesabia baba yake maneno aliyoongea nyumbani tangu mwezi uanze. Hayafiki mia, na thelathini kati ya hayo ni kukohoa."

Nataka kumwuliza nyumba yangu iko upande gani. Nafumba macho, nafumbua, niko ndani.

Nilijua ni kwangu kwa sababu ya ule ufa wa ukutani, lakini vingine vyote vilikuwa vimeongezeka. Kila nyumba itakuwa na kila kitu, nilikuwa nimeandika, na kweli kila kitu kilikuwemo. Kulikuwa na posta. Kulikuwa na stesheni ya reli, na treni inayotoka chumbani saa tatu kamili na kufika jikoni saa tatu na dakika moja. Uani kulikuwa na bahari ya ukubwa wa kitanda, inakupwa na kujaa kwa ratiba iliyobandikwa mlangoni mwa choo. Nafungua kabati la vyombo, nakuta Mwalimu Mkuu Semkiwa amekaa ndani, na faili mapajani.

"Unafanya nini kwangu?" namwuliza.

"Kila nyumba ina wake," anasema. "Mimi ni wako. Hongera, mwalimu. Ukurasa wako ulichapwa, ukasomwa, ukafuatwa."

"Ukafuatwa na nani?"

"Na wote. Watu walikuwa wanatafuta maelekezo ya mwaka 2065, na hakukuwa na mengine."

Sitasema uongo, mwanzo nilifurahi sana. Nilipanda treni kwenda jikoni, nikarudi, nikapanda tena. Nikajiuzia stempu kule posta, nikajipigia muhuri. Nikachovya miguu baharini. Halafu treni ikapita ikiwa imebeba sufuria zangu zote, kila moja imekaa kwenye kiti chake na tiketi mkononi, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, nikageuka kumwambia mtu.

Hapakuwa na mtu.

"Kuambiana hakumo kwenye ukurasa," Mwalimu Mkuu akasema kutoka kabatini, akavuta mlango ukajifunga.

Nikatafuta mlango wa mbele nitoke. Pale ulipokuwa pana ukuta uliopakwa chokaa vizuri. Nyumba zote za mtaa zilikuwa hivyohivyo, kama mtu hamwendei jirani yake mlango ni wa nini. Nikaenda kwenye ule ufa, nikaweka mdomo.

"Shoga," nikaita. "Upo?"

Halafu sauti ya bikizee ikajibu kwa mbali, ya Mama Sikudhani, imepungua lakini ni yeye.

"Siombi kitu," ikasema. "Nina kila kitu."

"Sikukwambia unaomba. Ni mimi, Mwantumu. U mzima?"

"Mzima. Nina bandari huku, unajua? Nina mahakama pia. Jana nilijishtaki mwenyewe, kwa kukaa kimya. Nikashinda, na nilikuwa sitaki kushinda." Akakohoa. "Nina vibao vya mbuzi sita. Na hata zamani nilikuwa nacho changu, chini ya kitanda, tangu niolewe."

"Sasa changu ulikuwa unakiazimia nini?"

"Ungenifungulia bure?" akasema. "Mtu haendi tu kwa mtu mikono mitupu. Anakwenda na shida. Ukishapewa kitu ndipo unakaa."

Nikakaa chini pale ukutani, magoti yangu ya miaka themanini na saba yakalia. Nilijisikia vibaya sana, vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia nikiwa macho.

"Siku ile ya mwisho," akaendelea, "nilikuwa na jambo la kukwambia. Kibao kilikuwa kisingizio. Nilivaa hadi kanga ya sikukuu."

"Jambo gani?"

"Nimesahau. Nimekaa nalo miaka arobaini, limechakaa. Nakumbuka kanga tu."

Nikainuka. Nikasema lazima nijue lile jambo, na siwezi kulijua mpaka siku ile irudi, na siku ile hairudi mpaka sentensi ya kumi na moja ifutwe. Kwenye ndoto hili lilikuwa wazi kabisa, kama jedwali la mbili.

Ofisi ya Utabiri haikuwa mbali, maana kila nyumba inayo. Yangu ilikuwa kati ya posta na bafu. Nyuma ya meza alikaa karani, na karani ni kibao changu cha mbuzi, kimevaa tai.

"Shikamoo," kikasema, kikavu.

"Marahaba. Kumbe mzima."

"Mimi nimevunjika. Wewe mwenyewe ulisema. Nimevunjika rasmi miaka arobaini sasa, na kila asubuhi naamka mzima naanza upya. Nikusaidie nini?"

Nikamwambia nataka kufuta sentensi. Kibao kikafungua kabati, kikatoa ukurasa wangu, ukiwa na mihuri mpaka pembezoni. Kikaniambia ruksa, nifute. Juu ya meza kulikuwa na kalamu ishirini. Nikachukua moja, ikajikunja mkononi.

"Sisi wa siku hizi tunaandika kwenda mbele tu," kalamu ikasema. "Nyuma hatwendi."

"Sentensi hufutwa kwa kalamu ya mwaka wake," kibao kikaeleza. "Hayo yako kwenye kanuni."

Nikasimama nikifikiri. Nikaikumbuka kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia madaftari. Na nikakumbuka iliko. Mama Sikudhani aliiazima ajazie fomu ya mkutano wa mtaa, na mpaka leo.

"Basi namwo…" nikaanza.

Kibao kikanyanyua kengele. "Neno hilo, bibi, usilimalize. Jirani hatamwomba jirani."

"Nisipomwomba atajuaje kama naitaka?"

"Hilo halikuandikwa."

Nikarudi ukutani. Kibao nacho kikaja nyuma yangu na kengele yake, kikavuta kigoda, kikakaa kunisikiliza.

"Shoga," nikasema, kwa uangalifu, "huko kwako hakuna kitu chochote ambacho kimekaakaa tu?"

"Kimekaaje?"

"Kimekaa. Kimezoea. Kilikuja mara moja kikapenda mahali."

"Umeanza," akasema. "Miaka arobaini hunisemeshi, siku ya kwanza unanisema kwa kuazima."

"Sikusemi."

"Unanisema. Subiri hapohapo. Hakuna mtu atakayesema Mama Sikudhani harudishi."

Nikasikia anafungua masanduku. Ufa ukatanuka kidogo, na kitu cha kwanza kikapita, ungo wangu.

"Huu ulikuwa wa ile siku binti ya muuza mkaa alipotoroka na mwalimu wa kwaya," akasema. "Tuliongea mpaka mchele ukaota."

Ikaja pasi. Ile ilikuwa ya siku niliyopata barua ya kupandishwa daraja, yeye akanipigia vigelegele peke yake uani mpaka watu wakaja kuuliza nani anaolewa. Ikaja ndoo, ya wiki niliyougua malaria. Aliiazima ili apate sababu ya kuja kunichotea maji, na mimi nilikuwa nimelala nikilalamika kwamba hata ugonjwa haumzuii. Ikaja miwani. Ikaja vikombe vitatu, mwiko, nusu ya mwavuli. Chumba kikajaa. Treni ikashindwa kupita, ikapiga honi, hakuna aliyeijali. Kila kitu kikifika, anasema siku yake, na mimi nilizikumbuka siku zote zile, nikashangaa kwamba nilidhani ni usumbufu.

Kibao kilibaki na kengele mapajani. Kurudisha si kuomba. Kilitafuta kwenye kanuni, hakikuona kosa.

Mwisho ikachomoza ncha nyekundu.

"Na hii kalamu yako," akasema. "Ila kibao sikirudishi. Hukunipa."

Nikaishika ile kalamu kwa upande wangu. Yeye hakuiachia upande wake.

"Kilikuwa kizima, shoga," nikasema. "Nilikudanganya."

"Najua. Nilikusikia ukikuna."

"Kwa nini hukuja kunisema?"

"Ningekusema nini? Niliona labda umenichoka. Mtu akikuchoka huwezi kumwendea ukamwuliza, utamchosha zaidi."

"Sikukuchoka. Nilikuwa mjinga alasiri moja."

"Alasiri moja imechukua miaka arobaini," akasema, bila hasira, kama anayetaja umbali wa kwenda Tanga.

Nikaubandika ukurasa ukutani, pale kwenye ufa, nikajaribu kufuta. Mstari ukakataa kunyooka. Kibao kikakohoa, kikasema sentensi inahusu watu wawili, kwa hiyo mkono mmoja hautoshi. Mama Sikudhani akapenyeza kidole cha shahada kwenye ufa, akakikandamiza kwenye kalamu. Nikashika mimi, akasukuma yeye. Kalamu ya miaka arobaini, wino ukavuja, ukamtiririkia. Akasema baridi. Nikamwambia vumilia. Tukaivuta ile kalamu kutoka neno la kwanza mpaka nukta.

Nje nikasikia kishindo, halafu kingine. Milango inaota. Inatoka kwenye kuta za mtaa mzima, mibichi, na bawaba zake. Bahari uani ikaniambia kwaheri, nikaiambia karibu tena. Mwalimu Mkuu akashuka kabatini, akaulizia treni ya mwisho. Sauti zikaanza kwa mbali, moja baada ya nyingine, za watu ambao hawakuwa wamelitumia neno lile muda mrefu na hawana hakika linatamkwaje: hodi, hodi hapa, hodi wenyewe.

"Shoga," nikasema kwa haraka, kwa sababu niliona ukuta unaanza kufifia. "Lile jambo. Limerudi?"

"Limerudi," akasema. "Lilikuwa…"

Nikaamka.

Kumekucha, Jumamosi, jua limeshafika kwenye neti. Ukurasa wangu uko mezani nilipouacha. Sentensi ya kumi na moja ipo, safi, haina hata mkwaruzo. Nikajiambia ndoto ni ndoto. Lakini nikavuta pumzi nikagundua hakuna harufu ya vitumbua, na miaka kumi na tisa sijawahi kuamka bila harufu ya vitumbua.

Nikatoka vilevile nilivyo. Nikasimama mlangoni kwake, kwa nje.

"Hodi."

"Karibu," akajibu, halafu akafungua mlango akanitazama. "Mwalimu? Umepungukiwa nini?"

"Sijapungukiwa. Nimekuja tu."

Akanipisha. Kitandani kulikuwa na begi limefunguliwa, na kanga zimekunjwa pembeni yake. Nikasema haraka kabla ulimi haujabadili mawazo, "Jana nilikudanganya. Kibao ni kizima."

"Nilikusikia," akasema, akaendelea kukunja.

Hapo ndipo nilipokiona kidole chake. Cha shahada, mkono wa kulia, chekundu kuanzia kwenye kucha mpaka kwenye kifundo cha pili.

"Kidole kimefanyaje?"

"Nimeamka nacho hivi. Nimekisugua kwa sabuni, nimekisugua kwa majivu, hakitoki." Akakificha ndani ya kanga aliyokuwa anaikunja. "Sijui nimeshika nini usingizini."

Sikumwambia. Nikamwuliza, "Jana ulikuja kuniambia jambo gani?"

"Nani kasema nilikuwa na jambo?"

"Niambie, shoga."

Akaiweka ile kanga juu ya begi, akaitoa, akaiweka tena.

"Sikudhani ananiita nikakae naye Korogwe," akasema. "Anasema huku nakaa na nani. Gari lake linakuja saa nne. Jana nilikuja unikataze."

Nikavua ndara, nikapanda kitandani nikakaa juu ya lile begi, nikaanza kumkataza.